Dishi la zamani la futi 6: namna ya kuligeuza kuwa jiko la jua

Dishi kubwa la televisheni lililoachwa likipata kutu nyuma ya nyumba lina kitu kimoja ambacho ni vigumu sana kukitengeneza kwa nyundo, nacho ni umbo. Kiwanda kilishalikunja ili miale yote inayoingia kwa kunyooka ikutane mahali pamoja, na mwanga wa jua unatii sheria ileile inayotiiwa na mawimbi ya satelaiti. Kinachobaki ni kulivisha kitu kinachoakisi mwanga, kuiweka sufuria pale miale inapokutana, na kulitundika dishi ili lilifuate jua bila kumwaga chakula. Mahali hapo pa kukutana tutapaita fokasi.

Dishi la futi 6 lina kipenyo cha sentimita 183, na mdomo wake una eneo la mita za mraba 2.63. Jua kali la moja kwa moja huleta karibu wati 800 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo dishi hupokea takriban wati 2,100. Vioo humeza sehemu, vumbi huchukua yake, na miale mingine huikosa sufuria. Jiko lililojengwa vizuri huingiza kwenye sufuria wati 900 hadi 1,200 hivi, yaani kiasi cha jiko la umeme la koili moja. Lita 5 za maji huchemka kwa nusu saa au pungufu kidogo.

Neno "moja kwa moja" lina uzito hapa. Dishi haliwezi kukusanya mwanga uliotawanywa na mawingu au ukungu. Paneli ya umeme hufanya kazi kidogo hata mbingu ikiwa nyeupe, lakini dishi hugoma kabisa. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa na ukingo mkali, pika, kikiwa na ukingo uliofifia, washa mkaa. Ndiyo maana dishi hilohilo litafanya kazi vizuri zaidi kwenye nchi kavu yenye anga safi, kama Dodoma au Turkana, kuliko pwani wakati unyevu umejaa hewani.

Kuchagua na kukagua dishi

Tafuta dishi la bati lisilo na matundu, lenye umbo la duara kamili, ambalo kifaa chake cha kupokea mawimbi kilikaa katikati kwa miguu mitatu au minne. Dishi la wavu halifai kubandikwa vioo, na ukilivika karatasi inayong'aa upepo huivuta na kuipasua.

Madishi madogo ya ving'amuzi, ya sentimita 60 hadi 90, si duara kamili na fokasi yake iko pembeni, kwenye ncha ya mkono ulioshika kifaa. Yanafaa kwa kujifunza. Dishi la sentimita 80 hutoa wati 200 na kidogo, zinazotosha chai ya watu wawili. Kipimo kingine chote hapa chini ni cha dishi kubwa.

Dishi lililokaa miaka mingi huwa limepinda, na dishi lililopinda halina fokasi moja. Funga uzi kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati, kisha funga wa pili ukiukata wa kwanza kama alama ya kujumlisha. Zivute kwa nguvu. Pale zinapokutana zinapaswa kugusana bila moja kuisukuma nyingine. Ukiona nafasi ya milimita 5 au zaidi, legeza bolti zinazounganisha vipande vya dishi, sukuma ukingo uliopanda, kaza tena, pima tena. Usiruke hatua hii. Vioo vizuri haviwezi kurekebisha dishi lililopinda, na baada ya kuvibandika hutaweza tena kulinyoosha.

Sasa tafuta fokasi. Uzi ukiwa bado umefungwa, pima kina kutoka kwenye uzi hadi chini kabisa ya dishi. Chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawa kwa kina mara 16. Kwa dishi la sentimita 183 lenye kina cha sentimita 30: 183 × 183 = 33,489; 30 × 16 = 480; jibu ni karibu sentimita 70. Basi fokasi iko sentimita 70 juu ya kitovu cha dishi. Pima dishi lako mwenyewe, kwani kosa la sentimita 2 kwenye kina huihamisha fokasi kwa karibu sentimita 5.

Kama dishi halipatikani, umbo hilo linaweza kuchongwa kwenye ubao na kutumiwa kama kipimo cha kufinyanga udongo au zege jembamba. Kwa fokasi ya sentimita 70, kimo cha ukingo katika kila umbali kutoka katikati ni umbali huo mara wenyewe, gawa kwa 280. Kwenye sentimita 20 ni 1.4, kwenye 40 ni 5.7, kwenye 60 ni 12.9, kwenye 80 ni 22.9, na ukingoni, kwenye 91, ni 29.6. Inawezekana, ila ni kazi ya wiki nzima na chombo kinachotoka ni kizito. Dishi la bati linaokoa yote hayo.

Vioo au karatasi?

Foili ya jikoni iliyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, upande unaong'aa ukiwa juu, inatosha kwa jaribio la siku chache. Huakisi mwanga mwingi lakini huutawanya, kwa sababu ya mikunjo midogo isiyoonekana kwa mbali.

Karatasi ya plastiki iliyopakwa alumini, yenye gundi nyuma, ni nyepesi na huakisi vizuri ikiwa mpya. Shida yake ni kwamba dishi limepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na karatasi bapa haikubali kulala hapo bila kukunjamana. Kata pembe ndefu 36, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 16 kwenye ukingo na sentimita 2 kuelekea katikati, kisha zibandike kama vipande vya mwavuli. Usitarajie zikae zaidi ya mwaka mmoja au miwili juani. Blanketi jembamba la dharura lenye rangi ya fedha ni baya zaidi: alumini yake hubanduka kwa unyevu, na karibu na bahari huondoka upesi sana.

Chaguo letu ni vioo vya kujitazamia vya milimita 3, au vyembamba zaidi vikipatikana. Wauza vioo huwa na mabaki yanayotupwa, nayo ndiyo yanayohitajika. Kata miraba ya sentimita 7 kwa 7, karibu vipande 600 pamoja na akiba ya vitakavyovunjika. Kwa nini 7? Kipande bapa hutupa doa la mwanga lenye ukubwa unaozidi kidogo wa kwake. Vipande vya sentimita 7 hutoa doa la sentimita 10 hadi 14 kwenye fokasi, linaloenea vizuri chini ya sufuria yenye kitako cha sentimita 28. Vipande vya sentimita 3 vingetoa doa dogo kali linalounguza chakula mahali pamoja, tena kazi ya kukata ingekuwa zaidi ya mara tano. Vya sentimita 15 vingemwaga mwanga nje ya sufuria, na pembe zake zingening'inia hewani kwa sababu ya mbonyeo wa dishi.

Vioo vya milimita 3 vitaongeza kilo 21 hivi. Uzito huo tutauzingatia kwenye kiunzi.

Kubandika

Sugua bati kwa msasa namba 120 hadi rangi iliyolegea itoke yote, osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti. Gundi ikishika rangi iliyolegea, kioo kitaanguka pamoja na hiyo rangi.

Gundi za silikoni ziko za aina mbili, na kosa hapa huonekana baada ya miezi sita. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula rangi ya fedha nyuma ya kioo. Utaona madoa meusi yakianza pale pale ulipoweka gundi. Nunua silikoni isiyo na asidi, isiyonuka siki. Mirija 3 ya mililita 300 inatosha.

Fanya kazi yote ya kubandika kivulini au jioni. Dishi lenye vioo nusu tayari ni kifaa kamili cha kuwasha moto, nawe utakuwa umekiinamia, uso ukiwa karibu na fokasi. Vaa glavu nene, maana kingo za kioo kilichokatwa hukata bila kuuma hadi uone damu.

Anza kwa kuchora duara la kipenyo cha sentimita 25 kwenye kitovu na uliache wazi. Sehemu hiyo itakuwa ndani ya kivuli cha sufuria kila wakati, kwa hiyo vioo hapo ni gharama bure, na chakula kikifurika kitaangukia hapo. Kutoka duara hilo panga vioo kwa mizunguko kuelekea ukingoni. Weka tone moja la silikoni, ukubwa wa punje mbili za maharage, katikati ya mgongo wa kila kipande, kisha bonyeza hadi pembe zote nne ziwe karibu sawa na bati. Usibonyeze pembe moja hadi chini. Kioo kikiinama kwa digrii 2 tu, mwanga wake huhama digrii 4, sawa na karibu sentimita 5 kwenye fokasi. Acha pengo la milimita 2 kati ya vipande. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na vioo vilivyobanana huinuka au hupasuka. Tone moja la katikati lina faida hiyohiyo: linaruhusu mchezo.

Acha silikoni ikauke kwa saa 24, dishi likiwa limelala kifudifudi au limefunikwa. Kisha paka varnishi au rangi ya mafuta kwenye kingo za vioo kwa brashi nyembamba. Unyevu huanza kula kioo kutokea ukingoni, na chumvi ya pwani huharakisha. Mwisho toboa matundu matatu ya milimita 10 kwenye kitovu ili maji ya mvua yatoke.

Kiunzi

Mwaka 1986, katika kituo cha misheni kaskazini mwa Kenya, Wolfgang Scheffler, mbunifu wa majiko ya jua, alikamilisha dishi lake la kwanza lililofanya kazi vizuri. Wazo lililolibeba, linaloenziwa hadi leo kwenye majiko makubwa ya taasisi, ni kwamba fokasi isihame: dishi linazunguka, sufuria inabaki palepale. Dishi la Scheffler ni gumu kulijenga kwa sababu umbo lake hubadilishwa kidogo kufuata majira. Lakini kanuni ya fokasi isiyohama tunaweza kuichukua kwa njia nyepesi: kulitundika dishi kwenye mhimili unaopita hasa kwenye fokasi.

Mhimili ni bomba la chuma la inchi 1, urefu sentimita 210. Unakaa juu ya nguzo mbili zenye umbo la herufi A, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 115, zilizochomelewa kwa engo (chuma chenye pembe) ya milimita 40 kwenye fremu ya chini ya sentimita 210 kwa 120. Kimo hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kutoka fokasi hadi ukingo wa dishi ni karibu sentimita 99, kwa hiyo dishi likiinama ukingo wake hushuka hadi sentimita 16 juu ya ardhi. Ukifupisha nguzo, dishi litagota chini asubuhi na alasiri.

Kwenye ukingo wa dishi, pande mbili zinazotazamana, funga kwa bolti mikono miwili ya flati ba (chuma bapa) ya milimita 40 kwa 6. Kutoka ukingo hadi usawa wa fokasi ni sentimita 70 kutoa 30, yaani 40. Hapo, kwenye kila mkono, chomelea kipande cha bomba la inchi 1¼ chenye urefu wa sentimita 5. Mhimili unapita ndani ya vipande hivyo viwili, na dishi linabembea humo. Fanya uchomeleaji huu kabla ya kubandika vioo. Cheche za kuchomelea huchoma nyuso za vioo na vidoti vyake havitoki.

Kata mhimili katikati na uchomelee hapo pete ya kubeba sufuria, ya nondo ya milimita 16 yenye kipenyo cha sentimita 30. Pete ishuke sentimita 5 chini ya mstari wa mhimili, ili fokasi iangukie tumboni mwa sufuria badala ya kitako peke yake. Sababu ni kwamba saa sita mchana mwanga unatoka chini, lakini saa 3 asubuhi unapiga sufuria ubavuni. Nondo ya milimita 12 inaweza kubeba uzito, ila hujipinda polepole chini ya sufuria ya lita 8 na mhimili mzima hugeuka. Kaza mhimili kwenye nguzo kwa bolti za kukatiza ili usizunguke pamoja na dishi.

Dishi lenye vioo, kilo 40 hivi, sasa linaning'inia kama bembea na daima linataka kutazama juu. Kulishikilia likiwa limeinama digrii 60 kunahitaji kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 20 pale ukingoni. Refusha mikono ile miwili sentimita 40 zaidi juu ya mhimili, na kwenye kila ncha funga kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege. Mvuto unashuka hadi kilo 12 hivi, mtu mmoja anaweza. Kisha funga minyororo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kutoka ukingoni hadi kwenye kulabu za fremu ya chini. Kwa mnyororo wenye pingili za sentimita 3, kila pingili ni karibu digrii 1.7, na kipimo hicho kinafaa sana kwa kulenga. Tumia minyororo yote miwili daima. Ukifunga mmoja, upepo utalitikisa dishi na mwanga utacheza kando ya sufuria.

Weka magurudumu manne chini ya fremu na kiroba cha mchanga cha kilo 25 kila pembe. Upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma dishi hili kwa nguvu ya karibu kilo 22. Wa mita 15, karibu kilo 50. Upepo ukianza kuvuma kabla ya mvua, acha kupika.

Kulenga

Dishi likiwa sawasawa na jua, kivuli cha sufuria huangukia katikati kabisa, kwenye lile duara lisilo na vioo. Hicho ndicho kipimo kikuu. Ukishapata kulenga kwa usahihi mara ya kwanza, funga msumari mrefu kwenye ukingo na uupinde hadi usitoe kivuli chochote. Kuanzia siku hiyo utaelekeza dishi kwa kuangalia msumari: kivuli chake kikipotea, umemaliza. Huna haja ya kutazama fokasi.

Jua hutembea digrii 15 kwa saa, digrii moja kila dakika 4. Kwa sufuria ya sentimita 28 na doa la sentimita 12, una dakika 20 kabla mwanga haujaanza kumwagika ubavuni. Mzoefu hulisogeza dishi kabla, akiliweka pingili moja mbele ya jua, kisha jua linalifikia na kulipita.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ya pekee. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la Dar es Salaam hupita juu ya utosi. Kwa Nairobi ni siku chache kabla ya 21 Machi na siku chache baada ya 23 Septemba. Katika majuma hayo laza mhimili kaskazini–kusini na fremu haitahitaji kugeuzwa kutwa nzima. Dishi litabembea tu kutoka mashariki kwenda magharibi. Juni na Desemba ni tofauti: fremu lazima izungushwe, na saa sita mchana mhimili unalala mashariki–magharibi.

Kupika bila kuumia

Mwanga kwenye fokasi umekusanywa zaidi ya mara 150. Ubao mkavu huanza kutoa moshi papo hapo, na mkono unaopita hapo huungua kabla hujauondoa. Hatari kubwa zaidi ni macho, kwa sababu jicho huumia bila maumivu. Anayehudumia jiko avae miwani ya kuchomelea au miwani nyeusi sana ya jua, na asitazame doa la mwanga kwenye sufuria. Watoto wasiwepo ndani ya mita 3.

Kabla ya kugusa sufuria, ondoa mwanga. Asubuhi na alasiri, ligeuze dishi hadi mgongo wake ulitazame jua. Sasa limesimama wima, halipokei kitu, na sufuria iko mbele yako kwenye kimo cha kifua. Koroga, onja, ongeza chumvi. Karibu na saa sita njia hiyo haifanyi kazi kwa sababu jua liko juu, kwa hiyo funika dishi kwa vipande viwili vya turubai vilivyokatwa nusu duara, kila kimoja kikiwa na kulabu ukingoni. Usijaribu kuligeuza kidogo tu na kusogea: mwanga unakimbilia upande ambao dishi limeelekea, na huko ndiko utakakokuwa umesimama.

Sufuria iwe nyeusi kwa nje. Masizi ya mafiga yanafaa kabisa, usiyasugue. Kama sufuria ni mpya, paka rangi ya eksozi inayohimili joto, nje peke yake. Sufuria ya alumini inayong'aa huakisi mwanga wako urudi angani. Vilevile alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na sufuria iliyokauka juu ya fokasi inaweza kutoboka. Maji yakiwemo ndani hakuna tatizo, kwa hiyo usiweke sufuria tupu "ipate moto kwanza".

Vyakula vinavyofaa zaidi ni vile vya kuchemsha: maharage, makande, mihogo, wali, maji ya kunywa. Ugali unasongeka asubuhi au alasiri kwa njia ya kugeuza dishi, lakini kila dakika ya kusonga ni dakika isiyo na moto, kwa hiyo chemsha maji mengi kwa nguvu kwanza na songa upesi. Kukaanga kunawezekana, ila mafuta hayana hodi kama maji. Yakianza kutoa moshi funika dishi mara moja.

Maharage yanastahili maelezo zaidi, maana ndiyo yanayomaliza mkaa nyumbani. Yaloweke usiku. Weka jikoni saa 3 asubuhi, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kwa kuwa maharage mekundu yana sumu inayoondolewa na mchemko mkali na haiondolewi na joto la wastani. Acha yaendelee hadi nusu saa, kisha hamisha sufuria ikiwa imefunikwa kwenye kapu lililojazwa maranda na blanketi. Ndani ya saa 3 au 4 yatakuwa yameiva, na dishi tayari limeshachemsha maji ya kuoga na limeanza wali.

Jiko likiwa halifanyi kazi, lifunike lote. Dishi lililoachwa wazi linaweza kuelekeza fokasi kwenye paa la makuti au nguo zilizoanikwa wakati hakuna mtu nyumbani.

Likipungua nguvu

Pima kabla ya kukisia. Weka lita 5 za maji na kipimajoto, hesabu sekunde kutoka nyuzi 30 hadi 80. Wati ni lita mara 4,186 mara 50, gawa kwa sekunde. Dakika 15 ni karibu wati 1,160, dishi liko vizuri sana. Dakika 20 ni 870, inatosha. Dakika 40 ni karibu 440, kuna kitu kimeharibika.

Ondoa sufuria na ushikilie kipande cha bati lenye kutu kwenye fokasi kwa koleo refu, ukiwa umevaa miwani. Doa la duara lenye mwanga sawa lakini dhaifu maana yake ni vumbi. Madoa mawili yaliyotengana yanaonyesha bolti za vipande vya dishi zimelegea. Doa lililorefuka kama yai, licha ya kulenga sawasawa, ni ukingo uliopinda. Rudi kwenye uzi. Doa ambalo linakuwa dogo zaidi ukisogeza bati juu au chini ya pete linasema sufuria haiko kwenye fokasi, na hapo pete ndiyo ya kuhamishwa. Cheche za mwanga zilizotawanyika pembeni ni vioo vichache vilivyoinama, na unaweza kuvijua kimoja kimoja kwa kufunika sehemu za dishi kwa kadibodi hadi cheche ipotee.

Osha vioo alfajiri, umande ukiwa bado umelainisha vumbi, kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini. Usimwage maji baridi kwenye vioo vilivyopata moto wa mchana, vitapasuka. Vumbi la kiangazi linahitaji kuoshwa kila wiki. Mvua ikianza, mara moja kwa mwezi na kukagua kingo zilizopakwa varnishi. Kioo kilichoanza doa jeusi kibandue kwa kisu chembamba, kwangua silikoni yote, na weka kingine kutoka kwenye akiba.